Pikipiki Isiyoshusha Abiria

Jumanne, saa nne asubuhi, Ayot alitua sufuria yake ya uji mlangoni mwa gereji pale Kisenyi, Kampala. Akapanga vikombe sita vya bati juu ya boksi, akavifunika kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la kinu cha kusaga unga wa posho kilicho jirani. Uji haukuwa na sukari. Mwaka huo wa 1977 sukari ilikuwa kitu cha kusimuliana. Ndani, mwanawe Okot alikuwa amelala chali chini ya pikipiki nyekundu, anamwaga oili chafu kwenye debe. Wanjala, fundi wa baiskeli aliyetoka upande wa Mbale, alikuwa anaziba tairi. Na juu ya siti ya nyuma ya pikipiki alikaa Kakule, muuza vitenge, ambaye alichukuliwa na watu wa usalama wiki mbili kabla, na ambaye kila mtu alijua kwamba hatarudi.

"Mama Okot," alisema Kakule, "leo pia hakuna sukari?"

"Sukari iko kwa wakubwa," Ayot alimjibu, akampa kikombe. "Kunywa ukiwa moto."

Kakule akanywa.

Wenye watoto wenye mikono mizuri ya ufundi wasome hadi mwisho. Mtoto mvivu ana hatari zake, lakini hizi si zake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Moto Guzzi Falcone, ya Italia. Injini yake ililala mbele badala ya kusimama, na upande wa kushoto, nje kabisa, palikuwa na gurudumu zito la chuma, kubwa kama sahani ya pilau, lililozunguka wazi bila kifuniko. Mwenye suruali pana alikaa mbali nalo. Okot aliipata kwa Bradha Silvano wa misheni moja karibu na Gulu, Mwitaliano aliyemfundisha ufundi kwa miaka saba. Bradha aliponyimwa kibali alirudi kwao na sanduku moja tu. Alimwachia Okot pikipiki, spana zake zote, na kadi ya pikipiki iliyokwisha kuandikwa jina la Okot. Okot alikuwa na miaka thelathini na mmoja, bila mke. Kila jioni aliifuta pikipiki kwa shati lake la zamani. Mama yake alisema wenzake wanatafuta mchumba, yeye anatafuta rangi nyekundu isiyopauka.

Alikaa nayo mwaka mmoja na miezi miwili. Kisha akaja Afande Marjan wa watu wa usalama, shati la maua, viatu vya soli nene, akasema ofisi inaihitaji. Hakupiga mtu. Hata sauti hakuinua. Alisema, "Asante sana, fundi," akapanda akaenda.

Ofisi ilikuwa ile yenye ukuta mrefu, kule mlimani. Magari yake yalijulikana. Yakionekana mwanzo wa mtaa, watu walitoroka kwa kupitia madirisha. Lakini pikipiki ilipita hata vichochoro ambavyo mama mwenye kapu anapita kiubavu. Kwa hiyo baada ya siku mbili Marjan alirudi.

"Hii iko na siti moja," alisema. "Mimi nataka mbili. Nabeba watu."

Okot angeweza kusema hajui. Angeweza pia kufanya kazi mbovu, kama mafundi wengi wanavyofanya bila hata kukusudia. Lakini Bradha alimfundisha kwamba springi hukazwa kwa uzito wa atakayekaa, si kwa kukisia. Unauliza kilo za abiria. Unakopa unga kinuni, unapima kilo hizo hizo, unapakia gunia juu ya siti, halafu unapima kwa kijiti. Nyuma lazima ishuke vidole viwili. Ikishuka vitatu hujafanya kazi. Ikishuka kimoja, pia hujafanya kazi. Basi Okot aliuliza kama alivyouliza kila mteja.

"Abiria wako ana kilo ngapi, afande?"

"Sabini na moja," alisema Marjan, bila kufikiri.

Okot akapima sabini na moja. Vidole viwili. Kesho yake Kakule alichukuliwa dukani kwake, akakalishwa nyuma, akapelekwa mlimani. Waliomwona akipita walisema alikaa vizuri, hakurushwa hata penye mashimo.

Jumanne iliyofuata Marjan alileta pikipiki amekunja uso.

"Inalala nyuma. Kama nabeba mtu, na sibebi mtu. Yule nilimfikisha."

Okot alipima. Siti ilikuwa tupu na ilikuwa imeshuka vidole viwili. Marjan akaiacha akaenda kula. Kufika saa sita, jua lilipoingia gerejini, Kakule akawa anaonekana vizuri, na koti lake la kahawia, mikono magotini. Wanjala ndiye aliyemsalimu kwanza.

"Banange, jamani, Kakule! Kumbe ni wewe unatuharibia springi."

"Ni mimi."

"Sasa shuka, ssebo, bwana wangu. Tukushike mkono."

"Hajaniambia kama tumefika," alisema Kakule.

Walijaribu kumshusha, Okot upande huu, Wanjala upande ule. Hakutoka. Tangi la mafuta lina nati zake, ukizifungua linatoka. Kakule hakuwa na nati. Basi Okot akaongeza springi ya pili, akakaza mpaka pikipiki ikasimama sawa na Kakule akiwa juu yake. Jioni Marjan alikuja kuichukua. Hakutazama nyuma. Aliagiza tu kile kioo cha pembeni kitolewe, kwamba kinamsumbua macho. Okot akakitoa.

Mke wa Kakule aliitwa Hortense. Walikuja pamoja kutoka Kongo na mzigo wa vitenge kichwani. Alipopata habari alikuja mbio, lakini alipofika hakulia. Alimwuliza mumewe funguo za kabati ziko wapi, akaambiwa. Kuanzia hapo, Jumanne, siku ya kuleta pikipiki gereji, ikawa siku yake. Alileta shati safi, akamvua Kakule lile chafu, akakaa juu ya tairi karibu naye, wakaongea kwa lugha ya kwao hadi Okot alipofunga nati ya mwisho.

Marjan akataka nafasi ya tatu. Okot alikata fremu nyuma, akachomelea mabomba mawili ya chuma, akasogeza gurudumu, akaunga mnyororo kwa mnyororo. Mafundi wa gereji nyingine walikuja kuangalia mshono wake, wakaupitishia kidole, hawakukuta hata kipele. Abiria alikuwa na kilo themanini na nne. Huyo alikuwa Sajini Komakech wa polisi, kutoka kambi ya Nsambya, Mwacholi kama Okot. Baadaye ikaja nafasi ya nne, kilo hamsini. Huyo alikuwa Mwalimu Faridah wa Old Kampala, ambaye alikaa kiupande kwa heshima, na daftari la mahudhurio kwapani. Mwisho wa mwezi wa tano pikipiki ilikuwa ndefu kama benchi la kanisa. Trafiki alimsimamisha Marjan mara moja tu, akamwambia afunge kitambaa chekundu mkiani, kama malori ya mbao. Marjan akafunga.

Ayot aliwapa wote uji. Alikuwa mwanamke mwenye wasiwasi tangu zamani, mtu wa kuamka kuangalia kama mlango umefungwa, na sasa wasiwasi wake ulikuwa umepata kazi. Jumanne moja Komakech alirudisha kikombe, akamwambia kwa Kiacholi, taratibu:

"Min Okot, mama, kule ndani sasa wanauliza watu wa kwetu tu. Unasema jina lako, hawaulizi la pili. Huyu kijana aondoke."

Ayot hakungoja. Shemeji wa Wanjala alikuwa dereva wa lori la kahawa linalokwenda Malaba, mpakani. Alikubali kumweka Okot katikati ya magunia na kumvusha hadi Kenya, ila lori lake liliondoka mara moja kwa mwezi, Alhamisi ya kwanza. Zilibaki wiki tatu na siku mbili.

"Utaenda," Ayot alimwambia mwanawe.

"Na pikipiki nani ataikaza?"

"Ikazwe na shetani!"

"Mama," alisema Okot, "iko na watu."

Siku hiyo hiyo, kabla ya kuondoka, Marjan aliwasha sigara akasema kuna abiria mpya. Kilo sitini na mbili. Hakukuwa na haraka. Ataendelea kuileta kila Jumanne, na ataichukua ikiwa tayari Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao.

Ayot alifunika sufuria, akamshika Okot mkono kama mtoto, akampeleka kinuni, akampandisha kwenye mizani ya magunia. Mwenye kinu akasogeza chuma, akasoma. Sitini na mbili.

Mama ni mama. Ayot alirudi nyumbani akaanza kupika. Alimpa Okot ugali wa posho mara tatu kwa siku, maharage yenye siagi ya karanga, simsim ya kusaga, ndizi za kukaanga anapokwenda kazini na nyingine anaporudi. Okot alilalamika mkanda unambana. Ayot akamtobolea tundu jingine. Baada ya siku kumi mizani ilisoma sitini na saba, na usiku huo Ayot alilala.

Kesho yake Marjan alipita kununua betri za tochi duka la jirani, akaingiza kichwa gerejini.

"Fundi, yule abiria wangu amenenepa kidogo. Andika sitini na saba."

Ayot akazima jiko. Kwa siku nane Okot alikula mboga za kuchemsha na maji ya moto. Mashavu yakaingia ndani, spana ikawa nzito mkononi. Mizani ikasoma sitini na tatu. Marjan hakuja mwenyewe safari hiyo, alituma askari na karatasi ndogo. Iliandikwa 63, kwa hati nzuri. Ayot akaacha, akampikia mwanawe chakula cha kawaida, kwa maana ilionekana wazi kwamba kwa njia hiyo watamaliza unga bure.

Jumanne ya mwisho ikafika. Kazi ilikuwa karibu imekwisha, siti ya tano imeshonwa kwa ngozi, springi mpya ziko mahali pake. Marjan angekuja Jumatano, lori lingeondoka Alhamisi alfajiri. Ilihitajika siku moja tu. Ayot aliinama karibu na mwanawe, akaonyesha nati kubwa ya gurudumu la nyuma.

"Iache legelege. Mizunguko miwili tu. Ikimwangusha hapo barabarani, mpaka wailete tena wewe uko Malaba."

Okot akachukua spana, akailegeza mizunguko miwili, akaweka spana chini kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Hortense hakujua Kiacholi, lakini macho alikuwa nayo. Aliinuka kutoka kwenye tairi.

"Mama Okot, hiyo nati. Kwa nini amefungua hiyo nati?"

"Angalia mambo yako, mama."

"Mambo yangu iko juu ya hiyo pikipiki! Bwana yangu amekaa hapo. Ikianguka, ikivunjika, wataitupa. Mimi nitamwona wapi?"

"Wewe unamwona Jumanne," alisema Ayot. "Mimi nataka wangu Jumatatu, na Jumatano, na siku zote."

"Wangu pia nilimtaka siku zote," alisema Hortense.

Kakule alivuta mkono wa shati safi, akatazama upande wa kinu. Pikipiki ililala gerejini na watu wake watatu.

Jumatano Okot alifika mapema, mama yake akiwa bado anakoroga uji nyumbani. Abiria walikuwa wamekaa vile vile. Mwalimu Faridah alikuwa anafunga kitambaa chake cha kichwa.

"Fundi," aliuliza, "tutaanguka?"

Aliuliza kama mwalimu anavyouliza hesabu ambayo jibu lake analijua. Okot akaweka chini mfuko wake wa chakula.

"Hapana, mwalimu," alisema.

Akachukua spana akaikaza nati. Aliikaza vizuri, na kwa kuwa alikuwa chini tayari, akapaka grisi mnyororo wote, urefu wake wote.

Ayot alipotua sufuria saa nne aliangalia nati kabla ya kumwangalia mwanawe. Alielewa. Alipanga vikombe, kimoja kikaanguka, akakiokota.

Marjan alifika amevaa shati jipya. Kazi aliipenda. Aliizunguka, akaigonga siti ya tano kwa kiganja.

"Umepima?"

"Bado, afande. Kinuni hakuna unga leo. Mahindi hayajaingia tangu Jumamosi."

"Basi kaa wewe," alisema Marjan. "Mimi nitapima."

Ilikuwa sawa. Kazi bila kupimwa si kazi, na Okot hakuwahi kutoa pikipiki bila kupima. Alimpa Marjan kijiti, akamwonyesha mahali pa kukisimamisha, akajifuta mikono, akapanda siti ya tano nyuma ya Mwalimu Faridah. Marjan alichuchumaa, akafumba jicho moja.

"Vidole viwili," alisema. "Kazi safi kabisa."

Akaweka kijiti mfukoni mwa shati, akapanda mbele, akapiga kiki mara moja. Injini ilijibu papo hapo, polepole, kwa sauti ile nzito ya Italia, na lile gurudumu la chuma likaanza kuzunguka.

"Afande," alisema Ayot. Alikuwa amesimama njiani na kikombe. "Anarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama. Anakuja kunisikilizia injini tu."

Okot alimwangalia mama yake. Alitaka kusema kitu, lakini kwanza aliinamisha sikio kusikiliza mnyororo, kwa mazoea, na pikipiki ikaondoka. Wanjala alitoka mbio nyuma yao hadi kwenye mtaro, akasimama hapo na tairi la baiskeli mkononi. Watu wa kinuni waliingia ndani, mmoja mmoja.

Alhamisi alfajiri lori la kahawa lilikwenda Malaba na kahawa. Ayot alikwenda hospitali mbili na kituo kimoja cha polisi, akaulizwa jina la mtoto. Alipolisema, aliambiwa arudi nyumbani upesi na asilitaje njiani.

Jumanne saa nne alitua sufuria. Marjan alikuwa amekwisha kufika.

"Inalala nyuma," alisema. "Nani ni fundi sasa?"

Wanjala alisimama. Hapakuwa na mwingine. Marjan akamwachia, akaenda kula, na kufika saa sita Okot akawa anaonekana vizuri, kwenye siti ya tano, na ovaroli lake la bluu. Alikuwa na kilo zake sitini na tatu. Ayot alimmiminia uji. Mkono wa Okot ulikuwa wa baridi kidogo, kama chuma cha asubuhi, lakini kikombe alikishika mwenyewe.

"Umekula?" Ayot aliuliza.

"Nitakula, mama."

"Shuka basi."

"Hajasema kama tumefika."

Hortense alikuwa amefika na shati lake. Alisogea kwenye tairi akaacha nafasi, na Ayot akakaa hapo.

Wanjala alikuja akachuchumaa mbele ya Ayot, akanong'ona.

"Mama, wewe sema tu. Mimi naweza kuiharibu hii kitu. Hata nikitaka kufanya vizuri siwezi, mimi ni mtu wa baiskeli. Naifunga vibaya, kesho inamwangusha huyu mshenzi, imekwisha. Sema."

Ayot alimwangalia mwanawe. Okot alikuwa ameegemea mbele kidogo, mkono mmoja kiunoni.

"Inakurusha?" alimwuliza.

"Kidogo. Pale kwa mashimo ya Kamwokya, inanirusha."

Ayot aliinuka. Alikwenda kinuni. Mahindi yalikuwa yameingia. Alikopa unga kwa jina lake, akapima kilo sitini na tatu ili waijaribu springi mpya juu ya benchi kabla haijafungwa, akazibeba mgongoni mara mbili kwa sababu hakuweza zote kwa pamoja. Okot alisema spana gani, Ayot akamkabidhi Wanjala. Wanjala alikaza, akasema imetosha.

Ayot alipiga magoti kwenye oili, akakata kijiti kipya, akapima. Vidole vitatu.

"Fungua," alisema.

"Mama, ni karibu sawa."

"Fungua uanze upya. Mwanangu yuko nyuma."

Wanjala alifungua. Walianza upya mara nne, na mara ya nne ilikuwa saa kumi na moja na kijiti kilisema vidole viwili. Ayot alipapasa nati zote kwa mkono wake, moja moja, akafuta tangi kwa kitambaa cha vikombe. Marjan alirudi, akaipanda, akaibonyeza mara mbili kwa uzito wake.

"Asante sana, mama," alisema.

Pikipiki ilivuka mtaro na watu watano, haikutingishika.